Watu mashuhuri katika historia ya Shinyanga

Watu mashuhuri katika historia ya Shinyanga ni pamoja na watemi, waganga, viongozi wa ngoma, watafiti, wachimbaji, viongozi wa ushirika na viongozi wa dini walioacha alama katika eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Tanzania tangu karne ya 19 hadi miongo ya kwanza baada ya uhuru. Wengine walizaliwa hapo. Wengine walitoka Musoma, Uhindi, Uingereza, Kanada au Marekani, lakini sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika katika ardhi ya Shinyanga.

Makala hii inaeleza maisha ya wale wanaotajwa zaidi. Suala moja linajitokeza karibu katika maisha yao yote: nani alikuwa na kauli juu ya ng'ombe, pori, almasi na pamba za Shinyanga, na watu wa kawaida walipata nini.

Mazingira ya kihistoria

Wakazi wengi wa Shinyanga ni Wasukuma, pamoja na Wanyamwezi na Wasumbwa, hasa upande wa Kahama. Kabla ya ukoloni hapakuwa na mfalme mmoja wa Wasukuma wote. Kulikuwa na makumi ya tawala ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Mtemi aliheshimiwa kama mwenye dhamana ya mvua, mavuno na amani. Chini yake walikuwepo wanangwa, yaani wakuu wa vijiji, na kando yao vilikuwepo vikundi vya vijana vilivyolima pamoja na kucheza ngoma pamoja.

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliwatumia watemi kama ngazi ya chini ya serikali. Wakati wa Waingereza Shinyanga ilikuwa wilaya katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Baada ya uhuru likaundwa eneo la Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 sehemu za mkoa huo zilihamishiwa katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Kwa sababu hiyo baadhi ya mahali panapotajwa katika maisha ya watu hawa leo hapamo tena ndani ya mipaka ya Shinyanga.

Gumha na Ngika

Gumha na Ngika wanakumbukwa kama waganga na watunzi wa nyimbo walioishi katikati ya karne ya 19. Kufuatana na mapokeo ya Wasukuma, wawili hao walishindana kwa dawa na kwa ngoma ili ijulikane nani ana nguvu zaidi. Wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika.

Mgawanyiko huo umeendelea hadi leo. Vikundi vingi vya ngoma vya Usukumani hujihesabu upande mmoja au mwingine. Mashindano hufanyika hasa baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakati chakula kipo na kazi za shamba zimepungua. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana watunzi hutafuta kila mwaka jambo jipya la kuonyesha: nyoka, nungunungu, wanasesere wa mbao, au ustadi wa kurusha majembe katika bugobogobo.

Umuhimu wa Gumha na Ngika katika historia ni kwamba ushindani wao uliacha mtandao wa vijana uliovuka mipaka ya watemi. Kijana wa utawala mmoja aliweza kuwa Mgika pamoja na kijana wa utawala mwingine, wakalima na kucheza pamoja.

Ng'wanamalundi

Ng'wanamalundi, ambaye huandikwa pia Mwanamalundi, ni jina la utani la Igulu Bugomola, kiongozi wa ngoma na mganga aliyevuma Usukumani mwanzoni mwa karne ya 20. Jina hilo linahusiana na miguu yake mirefu. Masimulizi yanasema alizaliwa upande wa Nera, katika Kwimba ya leo, na kwamba alifariki mwaka 1936 akiwa Seke, katika Kishapu ya leo.

Habari zake zimechanganyika na visa vya ajabu. Inasimuliwa kwamba aliweza kukausha mti kwa kuunyooshea kidole, kutembea juu ya maji, na kusafiri masafa marefu kwa muda mfupi. Inasimuliwa pia kwamba Wajerumani walimkamata na kumpeleka mbali, lakini wakalazimika kumrudisha nyumbani kwa sababu ya mambo aliyoyafanya kifungoni. Wanahistoria hawawezi kuthibitisha visa hivyo. Hata hivyo vinaonyesha jinsi watu walivyoizungumzia serikali ya kigeni: ilikuwa na bunduki na magereza, lakini katika hadithi ilishindwa na mcheza ngoma mmoja.

Jina lake limekuwa sehemu ya lugha ya kila siku, na hadi leo mtu anayetembea sana au kufanya mambo yasiyoelezeka anaweza kufananishwa naye.

Makwaia Mwandu

Makwaia Mwandu alikuwa mtemi wa Usiha (pia Busiha au Busiya), mojawapo ya tawala kubwa za Shinyanga, hadi alipofariki mwaka 1945. Makao ya ukoo wake yalikuwa Ibadakuli, mahali ambapo leo ni kata ya Manispaa ya Shinyanga.

Makwaia alitawala wakati Waingereza walipoweka mfumo wa kutawala kupitia wenyeji. Mtemi alikusanya kodi, akaendesha mahakama, akatangaza amri za mkuu wa wilaya, na kulipwa mshahara na serikali. Mfumo huo ulimpa nguvu kuliko watemi wa zamani, kwa kuwa sasa alilindwa na dola. Lakini ulimtenga pia na watu wake. Zamani mtemi aliyeshindwa kuleta mvua au aliyewaonea watu angeweza kuondolewa na wazee au kuachwa na raia waliohamia kwa mtemi mwingine. Sasa aliwajibika kwanza kwa ofisi ya wilaya.

Anakumbukwa zaidi kwa ushirikiano wake katika kampeni ya kufyeka pori dhidi ya mbung'o, inayoelezwa hapa chini.

Charles Swynnerton

Charles Francis Massy Swynnerton (1877–1938) alikuwa Mwingereza mtaalamu wa viumbe. Aliishi miaka mingi Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) kabla ya kuja Tanganyika mwaka 1919 kuwa mkuu wa idara ya wanyamapori. Baadaye alipewa kuongoza idara maalumu ya utafiti wa mbung'o, ambayo makao yake yalikuwa Shinyanga, mahali panapojulikana leo kama Old Shinyanga.

Mbung'o hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 vita, tauni ya ng'ombe na njaa vilikuwa vimepunguza watu na mifugo. Mashamba yakaachwa, vichaka vikaota, na mbung'o wakasogea karibu na vijiji. Kwa mfugaji wa Kisukuma, ambaye ng'ombe walikuwa mahari, akiba na heshima yake, pori lilipoingia na mbung'o ndani yake ilibidi ahame.

Swynnerton aliona kwamba mdudu huyo anahitaji kivuli na aina fulani za vichaka ili aishi. Alifanya majaribio ya kufyeka na ya kuchoma moto nyasi mwishoni mwa kiangazi, wakati moto unakuwa mkali. Kazi kubwa ilifanywa na wenyeji wenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya Wasukuma waliitwa na watemi wao, akiwemo Makwaia, kufyeka pori kwa siku kadhaa kila mwaka. Walitumia mashoka na mapanga yao, na kazi ikaendeshwa kama zilivyoendeshwa kazi za pamoja za kijijini. Maeneo makubwa yalipata tena malisho.

Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa mwaka 1936 katika kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki. Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege nchini Tanganyika.

Urithi wake una pande mbili. Ng'ombe waliokolewa na watu wakarudi katika ardhi iliyokuwa imeachwa. Lakini ufyekaji huo, ukifuatwa na kilimo cha pamba, ukataji wa kuni na ongezeko la mifugo, uliiacha Shinyanga bila miti mahali pengi. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ili kurudisha uoto. Mradi huo ulifanikiwa hasa ulipoegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe wakati wa kiangazi. Kizazi cha wajukuu kikapanda na kulinda miti katika ardhi ambayo babu zao walisifiwa kwa kuifyeka.

Nina Maynard

Nina Maynard alikuwa daktari na mmisionari kutoka Marekani wa Africa Inland Mission, shirika ambalo kutokana nalo lilizaliwa Kanisa la Africa Inland Tanzania. Jina lake linahusishwa na Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ambapo misheni ilianzisha hospitali pamoja na makazi ya wagonjwa wa ukoma.

Katika kipindi ambacho mgonjwa wa ukoma alitengwa na jamii, makazi ya Kolandoto yalimpa mahali pa kuishi na kulima. Hospitali ya Kolandoto inaendelea kutoa huduma hadi leo na kufundisha wahudumu wa afya.

John Williamson

John Thoburn Williamson (10 Februari 1907 – 7 Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua almasi za Mwadui. Alizaliwa Montfort katika jimbo la Quebec, akasoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal hadi kupata shahada ya uzamivu. Alikuja Afrika kufanya kazi katika makampuni ya madini, kwanza Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kisha Tanganyika, katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mgodi wa Mabuki haukuwa na faida, na kampuni ikaacha kazi. Williamson alibaki. Kwa miaka kadhaa alitafuta almasi kwa fedha kidogo na vibarua wachache, mara nyingi akiwa mgonjwa wa malaria na mwenye madeni. Alipata msaada wa wakili wa Mwanza mwenye asili ya Uhindi, Iqbal Chand Chopra, ambaye pamoja na jamaa yake alimkopesha fedha na kumsaidia katika mambo ya sheria. Chopra baadaye alikuwa mwenye hisa katika kampuni na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Machi 1940 Williamson alifika Mwadui, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga, na kutambua kwamba chini ya udongo kuna mwamba wa kimberliti, aina ya mwamba unaobeba almasi. Masimulizi mengi yanaweka ugunduzi huo karibu na mbuyu. Mwamba wa Mwadui una eneo la hekta 146 hivi, na ni mmoja kati ya mikubwa zaidi duniani kati ya ile iliyochimbwa kwa faida.

Kampuni ya Williamson Diamonds ilikua haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia chuma. Mwadui ukawa mji wa kampuni: nyumba, hospitali, shule, umeme, maji, uwanja wa ndege, na uzio kuuzunguka. Kuingia na kutoka kulidhibitiwa ili kuzuia wizi wa almasi. Makazi yalipangwa kwa rangi, kama ilivyokuwa kawaida ya ukoloni, Wazungu mahali pao, Wahindi pao, na Waafrika pao. Hata hivyo kwa kijana wa Kisukuma aliyetaka mshahara, mafunzo ya ufundi au shule ya watoto, Mwadui ulikuwa na vitu ambavyo havikupatikana kwingine wilayani.

Williamson alijulikana kwa ukaidi wake dhidi ya De Beers, kampuni iliyoongoza soko la almasi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligoma kuuza kupitia mfumo wao kwa bei waliyoitaka, akaweka almasi zake akibani hadi yalipofikiwa makubaliano.

Almasi yake maarufu zaidi ni ile ya waridi iliyopatikana Mwadui Oktoba 1947, yenye karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya ndoa yake ya Novemba mwaka huohuo. Ilikatwa London ikabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Williamson hakuoa. Alifariki Mwadui mwaka 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baada ya uhuru umiliki ulibadilika mara kadhaa. Katika miaka ya 1970 mgodi ulikuwa mikononi mwa serikali, mwaka 1994 De Beers walirudi na asilimia 75, na mwaka 2009 sehemu hiyo ilinunuliwa na Petra Diamonds. Jina la Williamson limebaki kwenye mgodi.

Kidaha Makwaia

David Kidaha Makwaia (1922–2007) alikuwa mtemi wa Usiha na mmoja kati ya Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alikuwa mtoto wa Makwaia Mwandu. Alilelewa katika familia ya Kiislamu na baadaye akawa Mkatoliki. Alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, na baadaye Oxford nchini Uingereza.

Mwaka 1945 alirithi kiti cha baba yake, na mwaka huohuo gavana alimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria pamoja na Abdiel Shangali, mtemi kutoka Uchaga. Alikuwa na umri wa miaka 23. Baada ya vita aliongoza pia kwa muda shirikisho la watemi wa Usukuma, ambalo makao yake yalikuwa Malya.

Shirikisho hilo lilihusika na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Mpango ulileta malambo, barabara na ardhi mpya ya kulima, hasa upande wa Geita. Pamoja na hayo zilikuja amri nyingi: kulima matuta, kupunguza idadi ya ng'ombe kwa lazima, kulipa ushuru wa mifugo. Watemi ndio waliotakiwa kuwaadhibu waliokaidi. Kwa njia hiyo mtemi, ambaye kwa desturi alilinda ng'ombe wa watu wake, alionekana kuwa mtu wa kuwaondoa.

Kidaha alihesabiwa na wengi kama Mwafrika mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuiongoza Tanganyika. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba wanaharakati wa Tanganyika African Association mjini Dar es Salaam, akiwemo Abdulwahid Sykes, walitamani Kidaha aache utemi na kuongoza chama hicho. Hakufanya hivyo. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU.

Wakati huo Kidaha alikuwa mjumbe wa tume ya kifalme iliyochunguza ardhi na uchumi wa Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1953 na 1955. Taarifa ya tume hiyo ilipendekeza ardhi ianze kumilikiwa na mtu mmojammoja, iweze kuuzwa na kuwekwa rehani. Nyerere alipinga mwelekeo huo. Mwaka 1958 alieleza msimamo wake katika kijitabu chenye jina la Mali ya Taifa, akihofia kwamba wenye fedha wangenunua ardhi yote na wengine kubaki wapangaji. Msimamo wa Nyerere ndio ulioshinda baada ya uhuru.

Kidaha aliacha utemi katikati ya miaka ya 1950, na kiti kikachukuliwa na ndugu yake Hussein. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya watemi nchini kote. Kidaha aliishi miaka mingine 44 baada ya hapo, nje ya nafasi kubwa za uongozi wa nchi.

Paul Bomani

Paul Bomani (1925–2005) alikuwa kiongozi wa ushirika na waziri. Alizaliwa upande wa Musoma katika familia ya Kisukuma, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Ndugu yake, Mark Bomani, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania.

Uhusiano wake na Shinyanga ulianza Mwadui. Kati ya mwaka 1945 na 1947 alikuwa karani katika mgodi wa Williamson. Baada ya hapo alikwenda Mwanza kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika.

Tatizo la wakulima wa pamba wakati huo lilikuwa mizani. Mkulima alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, akaambiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakiki, naye alishuku kwamba anapunjwa. Wakulima wakaanza kuajiri wapima wao wenyewe wasimame kwenye vituo vya ununuzi. Kutoka hapo vilikua vyama vya msingi. Bomani alikuwa kiongozi katika chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa kilichoanza mwaka 1952. Alisoma mambo ya ushirika huko Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 akawa meneja wa Victoria Federation of Co-operative Unions. Muungano huo ulinunua pamba kutoka Mwanza, Shinyanga na wilaya jirani, ukajenga viwanda vya kuchambua pamba, na ukahesabiwa kati ya vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika.

Ushirika ulikuwa na umuhimu wa kisiasa pia. Tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ilikataza matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Katika miaka hiyo mikutano ya ushirika ilibaki kuwa mahali ambapo watu waliweza kukutana kihalali na kuchagua viongozi wao kwa kura. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la rangi mchanganyiko waliloletewa bila ridhaa yao, na serikali ikarudi nyuma.

Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika (1962–1965). Baadaye alikuwa balozi nchini Marekani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa katika miaka ya 1980, ambapo Shinyanga ilipata chama chake kikuu, SHIRECU.

Edward McGurkin, Castor Sekwa na Aloysius Balina

Edward Aloysius McGurkin (1905–1983) alikuwa askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Shinyanga. Alitoka jimbo la Connecticut nchini Marekani, na alikuwa mtawa wa Maryknoll, shirika la wamisionari wa Kimarekani lililoingia Tanganyika mwaka 1946 kupitia Musoma. Aliteuliwa mwaka 1956 na kuongoza hadi mwaka 1975, akiwa pia mmoja wa maaskofu wa kipindi cha Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Kanisa kuu la jimbo, lenye jina la Mama Mwenye Huruma, liko Ngokolo mjini Shinyanga.

Mwaka 1975 McGurkin alimwachia nafasi Mtanzania, Castor Sekwa, aliyeongoza hadi kifo chake mwaka 1996. Baada yake alikuja Aloysius Balina, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Geita tangu lilipoundwa katika miaka ya 1980. Balina alihamishiwa Shinyanga mwaka 1997 na kufariki Novemba 2012.

Maisha ya maaskofu hao watatu yanaonyesha jinsi uongozi wa kanisa ulivyopita kutoka kwa wageni kwenda kwa wenyeji. Mabadiliko hayo yalikuja zaidi ya miaka 10 baada ya uhuru wa nchi.

Kumbukumbu

Watu hawa wanakumbukwa kwa njia tofauti. Gumha, Ngika na Ng'wanamalundi hawakuacha maandishi, lakini wanatajwa kila msimu wa ngoma. Jina la Williamson limeandikwa kwenye mgodi, na almasi ya waridi iko mbali na Shinyanga. Kidaha na Bomani wamo katika vitabu vya historia ya siasa. Swynnerton anajulikana zaidi na wanasayansi, ingawa mabadiliko aliyoyaongoza yanaonekana bado katika mbuga za Shinyanga.

Maandishi ya zamani yaliwahifadhi hasa wenye vyeo, na wengi wao walikuwa wanaume. Waliofyeka pori, waliochimba Mwadui, waliosimama kwenye mizani, na wanawake waliopalilia na kuchuma pamba, hutajwa kwa idadi bila majina. Bila kazi yao hakuna hata mmoja kati ya watu waliotajwa hapa ambaye angefika alipofika.